Fundi alisema lita 23,000

Huku kwetu Njoro, maji ya visima vya kuchimbwa kwa mashine yana floraidi nyingi. Ukitaka ushahidi, tazama meno ya kahawia ya waliokulia hapa, yangu yakiwemo. Ndiyo maana tulipojenga nilishikilia tuwe na tangi la kuvuna maji ya mvua, la mawe, la pembe nne, chini ya ardhi.

Fundi alichimba shimo la futi 12 kwa 10, kina futi 7. Akazidisha kwenye simu: futi za ujazo 840. Futi moja ya ujazo hubeba lita 28.3 hivi. "Mama, hapo una lita 23,000 na ushee." Nikafurahi, nikatoa pesa ya awamu ya pili.

Kuta zilipokwisha na plasta kukauka, nilishuka kwa ngazi na tepu yangu. Sikuwa namshuku mtu, nilitaka tu kujua nitateka mitungi mingapi. Ndani nilipata futi 10 na inchi 10 kwa futi 8 na inchi 10. Kutoka sakafuni hadi kwenye bomba la kutoa maji yanayozidi, futi 5 na inchi 11. (Sehemu iliyo juu ya bomba hilo usiihesabu, maji hayapandi huko.) Nikaandika 10.10 mara 8.10 mara 5.11. Ikaja 418, yaani lita 11,800.

Nusu ya tangi haipo! Nilimpigia fundi usiku uo huo, na niliyomwambia siyarudii hapa.

Binti yangu wa darasa la sita ndiye aliyechungulia daftari. "Mama, futi moja ina inchi ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Sasa mbona inchi kumi umeziandika nukta kumi?"

Nilitamani kurudi ndani ya lile shimo. Inchi 10 ni 10 gawanya kwa 12, ambayo ni 0.83 ya futi. Na zile inchi 11, ambazo ni karibu futi nzima, nilikuwa nimezifanya kama inchi moja na kidogo. Tukaachana na futi, tukasoma tepu upande wa sentimita: mita 3.30 kwa 2.69 kwa 1.80. Jibu ni mita za ujazo 15.98, na kila moja ni lita 1,000, kwa hiyo hakuna 28.3 ya kukariri. Lita 16,000 kasoro kidogo. Mitungi 800 ya lita 20.

Fundi naye alizidisha sawa, ila alipima shimo badala ya tangi. Jiwe la inchi 6 na plasta ya inchi 1, kila upande, hula inchi 14 za urefu na 14 nyingine za upana. Sakafu ilichukua 5, na bomba liko inchi 8 chini ya ukingo. Vijiinchi hivyo vilimeza karibu theluthi ya lita nilizoahidiwa. Nilipompigia tena kuomba radhi, alicheka. "Mama, sisi huhesabu shimo kwa sababu shimo ndilo tunalolipwa."

Kabla ya mvua tuliagiza boza la maji, kuona kama tangi linavuja. Dereva alisema ameleta lita 10,000. Sasa mimi nilikuwa nimeshapiga hesabu: 3.30 mara 2.69 ni mita za mraba 8.88, hivyo kila sentimita moja ya kina ni lita 89 hivi. Lita 10,000 zingefika karibu sentimita 113. Nikachovya ufito, ukasoma 108. Zimepungua zaidi ya lita 400, mitungi 20 na ushee. Dereva aliutazama ufito, akanitazama mimi, akasema labda tangi linavuja. Kesho yake asubuhi ulisoma 108 vilevile. Nikampigia, akanipunguzia shilingi mia tatu bila ubishi.

Ufito huo sasa una alama kila sentimita kumi, na unaning'inia karibu na mfuniko. Leo asubuhi umesoma 41. Ni lita 3,600 na kidogo, na mawingu upande wa Mau bado ni meupe.