Waliobaki na vyombo

Bwana asifiwe wapendwa. Wiki hii tuko 1 Samweli 30, na naomba usome sura yote kwanza maana mimi nitarukaruka, moyo wangu umekwama mstari wa 21 na siwezi kutoka hapo.

Mnaijua habari yenyewe. Daudi na watu wake 600 wanarudi Siklagi wanakuta mji umechomwa, wake zao na watoto wao wamechukuliwa, wakalia mpaka nguvu za kulia zikawaishia. Mimi nikifika hapo akili inaenda moja kwa moja Kagera, huku kwetu Tanzania mpakani na Uganda, mwaka ule wa vita. Nauita mwaka kwa sababu nyumbani walikuwa wanausema hivyo, "mwaka wa vita", ingawa ulianza mwisho wa Oktoba 1978 ukaisha Juni 1979. Askari wa Idi Amin walivuka mpaka, wakachoma nyumba, wakaswaga ng'ombe, wakaua raia, inatajwa kama watu 1,500 hivi walipotea upande wetu, wakina mama na wazee ambao hawakuwahi kushika hata rungu. Amin akatangaza eneo lote mpaka mto Kagera ni la Uganda na daraja la Kyaka likalipuliwa, kwa hiyo ng'ambo ile watu wakawa wamekatwa na nchi yao, mto katikati.

Tarehe 2 Novemba 1978 Mwalimu Nyerere akasema yale maneno ambayo hata mtoto wa shule anayajua, uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Tunayapenda sana hayo maneno. Ila mi nataka tuangalie hilo la kwanza, uwezo, maana uwezo ule haukuwa umekaa ghalani unasubiri. Jeshi lilikuwa dogo. Mgambo wakaitwa kutoka vijijini mpaka jeshi likapita watu 100,000, vijiji vikatoa ng'ombe na mahindi, na magari yakachukuliwa kila mahali, ya mashirika ya umma, ya watu binafsi, lori lililokuwa linabeba pamba Jumatatu wiki inayofuata linabeba askari. Waziri Mkuu wakati huo alikuwa Edward Sokoine na kazi kubwa ya serikali ikawa hiyo, kukusanya na kusafirisha. Nchi nzima ikageuka mizigo ya jeshi.

Babu yangu mzaa mama alikuwa dereva wa hilo lori la pamba. Hakuwa askari. Alikuwa na lori la Fiat la shirika fulani huku kanda ya ziwa, likaandikwa namba, akaambiwa nenda nalo. Bibi anasimulia alimfungia udaga (muhogo uliovundikwa ukakaushwa) na dagaa kwenye kitambaa akaondoka njia ya Biharamulo, mvua zinanyesha, na hakurudi miezi saba.

Sasa rudi kwa Daudi. Wamefika kijito cha Besori, watu 200 wamechoka hawawezi kuvuka, wanabaki na vyombo, 400 wanaendelea. Hawa 200 hawakuwa wavivu jamani. Walikuwa na wenzao Siklagi, walilia na wenzao, wake zao nao walichukuliwa. Miguu ndo ilikataa. Wale 400 wanapigana, wanarudisha kila kitu, mdogo kwa mkubwa, na njiani kurudi wengine kati yao (Biblia inawaita watu waovu, haizungushi maneno) wanasema hawa hawakwenda nasi, kila mtu apewe mke wake na watoto aondoke, nyara ni zetu.

Vita yetu nayo ilikuwa na wale waliovuka. Na walivuka kweli, tusiwapunguzie hata kidogo, wengi walitembea kwa miguu. Januari 1979 wako Mutukula, Februari Masaka, Machi wanapigana Lukaya kwenye barabara yenye kinamasi huku na huku, na Walibya wamekuja kumsaidia Amin. Mwezi huo huo Waganda waliokuwa uhamishoni wakakutana Moshi wakaunda umoja wao. Halafu angalieni kalenda maana hili huwa linanisisimua: Entebbe ilichukuliwa tarehe 7 Aprili, mkesha wa Jumapili ya Matawi. Kampala tarehe 10 na 11, Juma Kuu lenyewe. Yusufu Lule akaapishwa urais tarehe 13, Ijumaa Kuu. Fikiria Mkristo wa Kampala mwaka ule, miaka miwili tu baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa, anaamka Pasaka asubuhi na Amin hayupo.

Wanajeshi wetu waliokufa wanatajwa 373, na waliokufa kwenye mapigano yenyewe walikuwa chini ya 100. Wengine ni ajali na mambo mengine ya njiani. Nilipoijua hiyo hesabu nilielewa kwa nini babu alikuwa hapendi kuongelea risasi, alikuwa anaongelea matope, breki, na kulala usingizini ukiwa umeshika usukani.

Na baada ya ushindi? Julai viongozi wa Afrika wakakaa Monrovia na baadhi yao wakamlaumu Nyerere kwa kuingia nchi ya mwenzake, wakati Amin alipovuka mto wengi walikuwa kimya, mi hilo bado linaniuma. Gharama ya vita ilikadiriwa dola milioni 500, na mafuta yalikuwa yamepanda bei dunia nzima mwaka huo huo, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilishavunjika 1977. Mwalimu akaomba wananchi wafunge mikanda miezi 18. Mama yangu alikuwa binti mdogo, anasema miezi 18 ilipita na nyingine ikapita na bado alikuwa anatumwa alfajiri kupanga foleni ya sukari na sabuni, anaweka jiwe kwenye mstari kushika nafasi ya bibi. Hao ndo waliobaki na vyombo. Walilipa nao, tena walilipa muda mrefu kuliko vita yenyewe.

Ndo maana mstari wa 21 haunitoki. Kabla Daudi hajagawa chochote, kabla hajabishana na wale waovu, imeandikwa aliwakaribia wale 200 akawasalimu. Mfalme mtarajiwa, ana vumbi la vita, ana ushindi mkononi, anaenda kwa waliochoka anawajulia hali. Mgao sawasawa unakuja baadaye, mstari wa 24, na ukawa sheria Israeli. Ila salamu ilitangulia.

Babu hakusalimiwa na mtu. Alirudisha lori pale alipolichukulia, akasaini, akaambiwa aende likizo wiki mbili. Askari walipokelewa kwa ngoma na walistahili, yeye alikuwa pembeni ya barabara na watu wengine anapiga makofi. Alichobaki nacho ni turubai la lile lori, lilikuwa limechanika shirika halikulitaka tena, bibi akalishona viraka vitatu na tulikuwa tunaanikia udaga juu yake mpaka mimi nakua.

Kuna siku, nilikuwa darasa la nne hivi, akaja mzee mmoja na baiskeli, amevaa koti la jeshi limepauka, akauliza nyumba ya dereva. Akampa babu shikamoo ingawa wanalingana umri. Hawakuongea mengi, bibi akapika ugali, na yule mzee wakati anasubiri akaenda pale uani kwenye turubai, akasogeza udaga kwa mkono, akapapasa kiraka cha katikati muda mrefu. Akasema, "Hapa nililala mimi, kutoka Masaka, mguu ukiwa hivi." Babu akamwambia, "Nakukumbuka, ulikuwa unaomba maji." Wakakaa chini wote wawili pale pale kwenye turubai, katikati ya udaga, na bibi akawaletea chakula huko huko.