Watoto 600 Waliobaki 245

Ubaoni palikuwa na watoto 600, mia tatu kila upande, na chumba kizima kilishakubali kwamba chandarua kipya kimeshinda. Ilikuwa semina ya watu wa takwimu mjini Mbale, Uganda, na kwa kuwa wengi wetu tulivuka mpaka kutoka Busia na Bungoma za Kenya, somo lilikwenda kwa Kiswahili. Hesabu yenyewe ilikuwa ya mazoezi tu: vijiji 20 viligawanywa kwa kura, kumi kumi, na kila kijiji kikapimwa watoto 30. Upande wa vyandarua vya zamani, 90 walikutwa na vimelea vya malaria. Upande wa vipya, 66. Asilimia 30 kwa 22. Kompyuta ikatoa kai-skweya, kipimo cha ukubwa wa tofauti kati ya pande mbili, 4.99, na p, yaani uwezekano wa tofauti kubwa kiasi hicho kutokea kwa bahati tu, 0.03: ndogo ya kutosha kuitwa ushindi.

“Kura mlimpigia mtoto au kijiji?” mwalimu akauliza.

“Kijiji, mwalimu.”

“Basi p hiyo ifuteni.”

Watoto wa kijiji kimoja wanaumwa na mbu wa kinamasi kilekile, na VHT wao, mhudumu wa afya wa kijiji, ni yuleyule. Ukishawapima watano, wa sita unaweza kumkisia. Ukionja chungu kimoja mara thelathini, akasema, hujaonja vyungu thelathini.

Akaandika hesabu yake. Chukua watoto wa kijiji kimoja, toa 1, zidisha kwa kipimo cha kufanana kwao, kisha ongeza 1. Kipimo alitupa 0.05. Kwa hiyo 29 mara 0.05 ni 1.45, ongeza 1, unapata kizidisho cha 2.45. Gawanya 600 kwa 2.45: ni kama umepima watoto 245 tu wasiohusiana. Kai-skweya nayo ikagawanywa ikawa 2.04, p ikapanda hadi 0.15. Mipaka ya uhakika ya asilimia 95 ya ile tofauti ya pointi 8, iliyokuwa kati ya pointi 1 na 15, ikatanuka kutoka hasi 3 hadi 19. Sifuri imo ndani: huenda hakuna tofauti yoyote.

Mwenzetu mmoja akaleta FEAST, utafiti wa maji ya mshipani kwa watoto mahututi, maana hospitali ya Mbale ilishiriki: watoto 3,141 wa Uganda, Kenya na Tanzania, mbona hawakupunguzwa hivyo? Kwa sababu pale kila mtoto alipigiwa kura yake, atiwe maji ya mshipani kwa kasi au asitiwe. (Waliotiwa walikufa zaidi ndani ya saa 48: karibu asilimia 10.6, wenzao 7.3. Wengi walitarajia kinyume.) Chandarua hakigawiki hivyo, kwani mbu aliyekufa kwako hamwumi jirani. Ndiyo maana utafiti wa vyandarua vya PBO (dawa inayoongezwa ili kiuatilifu kiwaue hata mbu sugu) ulioanza Uganda mwaka 2017 ulipiga kura kwa maeneo 104, si kwa nyumba.

“Si tuongeze watoto?” Jibu lilikuwa kali kuliko tulivyodhani. Watoto 60 kwa kijiji, jumla 1,200, kizidisho kinakuwa 3.95 na unabaki na 304. Umepima mara mbili, umepata 59 tu. Lakini 600 walewale ukiwatoa vijiji 40, watoto 15 kila kimoja, kizidisho ni 1.7 na unabaki na 353.

Mhasibu wa mradi akainua mkono: mafuta ya kufika vijiji 20 zaidi yatatoka wapi?

“Kwenye vipimo vya wale watoto 600 mliotaka kuongeza,” mwalimu akamjibu, akamwomba bei ya kipimo kimoja.