Mbegu ndani ya bahasha

Jumapili iliyopita mpwa wangu alikuwa akipanga upya droo ya meza yangu, akakuta bahasha ya mbegu za alizeti niliyoiweka humo miaka mitatu iliyopita na kuisahau. Alimimina mbegu chache kiganjani, akazitazama kwa muda, kisha akaniuliza, "Mjomba, hizi zimekufa?" Nilimjibu kwamba ziko hai, nikaendelea na kazi yangu. Usiku ulipoingia ndipo nilipotambua kwamba nilimjibu kwa haraka mno, kwa sababu kwa kipimo nilichofundishwa shuleni, mbegu zile zilikuwa zimekufa.

Tulikariri sifa 7: kiumbe hai hujilisha, hupumua, hukua, huzaliana, hujongea, hutoa takamwili na huitikia mabadiliko ya mazingira yake. Mbegu kavu iliyolala kwenye karatasi haionyeshi hata moja kati ya hizo. Mwali wa mshumaa, kinyume chake, unakula nta, unatumia oksijeni, unatoa hewa ukaa na mvuke wa maji, unayumba upepo ukipita, unakua, na ukiusogezea utambi mwingine unazaa mwali mwingine. Tukiishika orodha ile jinsi ilivyo, moto ungehesabiwa miongoni mwa walio hai na mbegu ingetupwa kwenye takataka, na hilo limenisumbua wiki nzima.

Jumatatu niliamua kuziuliza mbegu zenyewe. Nilichukua konzi mbili, nikaziloweka usiku kucha, na asubuhi nikaichemsha konzi moja kwa dakika kumi ili kuiua. Nilizisuuza zote kwa dawa ya kuua vijidudu, kwa kuwa kuvu wakiota juu ya mbegu zilizokufa nao hutoa joto lao na kumdanganya mpimaji, kisha nikaziweka katika chupa mbili za chai, nikapenyeza kipimajoto katika kila moja na kuziba midomo yake kwa pamba. Mwanzoni chupa zote mbili zilisoma nyuzi 24. Ijumaa jioni chupa ya mbegu zilizochemshwa ilikuwa pale pale, lakini ile nyingine ilikuwa imefika nyuzi 30. Niliweka kiganja juu ya pamba nikahisi unyevu wa vuguvugu, kama pumzi ya mtu aliyelala, na ninakiri kwamba nilikaa hivyo kwa muda mrefu kuliko jaribio lilivyohitaji.

Joto lile ndilo kupumua kwenyewe. Tumezoea kudhani kwamba kupumua ni kutanua kifua, ilhali kifua ni mlango tu. Kazi hasa hufanyika ndani ya seli, ambamo chakula huvunjwavunjwa kwa msaada wa oksijeni ili kiachilie nishati yake, na sehemu ya nishati hiyo hupotea kama joto. Ndiyo maana nasikitika kila ninaposikia watoto wakifundishwa kwamba mimea hupumua kinyume chetu, eti huvuta hewa ukaa na kutoa oksijeni. Hilo ni jambo jingine, nalo ni usanisinuru, ambao ni njia ya mmea kujitengenezea chakula kwa mwanga. Kupumua, mmea hupumua kama sisi, mchana na usiku, na mbegu iliyomo gizani ndani ya chupa haina njia nyingine ya kupata nguvu.

Habari ya kujilisha nayo iliwapotosha hata watu makini. Mwanakemia Jan Baptist van Helmont, ambaye maandishi yake yalichapishwa mwaka 1648 baada ya kifo chake, alipanda mche wa mti uitwao willow wenye uzito wa kilo 2 na ushei katika udongo wa takriban kilo 90, akaumwagilia maji kwa miaka 5. Mti ulifikia kilo 77 hivi, na udongo ulipungua kwa gramu zisizozidi 60. Alihitimisha kwamba mti wote umetokana na maji. Alikuwa sahihi kuuondolea udongo sifa hiyo, lakini hakujua kwamba sehemu kubwa ya kaboni iliyoujenga mti ule ilitoka hewani.

Sasa narudi kwenye moto, kwa kuwa ndiko swali la mpwa wangu lilikonipeleka. Moto uliowashwa kwa moto mwingine haurithi kitu: ukiwasha kuni kwa mshumaa, zitawaka kama kuni, bila kumbukumbu yoyote ya mshumaa. Moto hauna ndani. Mbegu inayo, kwa maana imeundwa kwa seli, na kila seli, kama daktari Rudolf Virchow alivyosisitiza mwaka 1855, imetokana na seli iliyoitangulia, ikabeba maagizo ya urithi yanayoeleza alizeti itajengwaje. Hata kuzaliana hakutoshi kuwa kipimo: nyumbu mtoto wa punda na farasi kwa kawaida hazai, kwa kuwa kromosomu zake 63, yaani nyuzi za ndani ya seli zinazobeba maagizo hayo ya urithi, haziwezi kupangika sawasawa katika jozi, wala hakuna anayedai kwamba amekufa. Seli zake zinajitengeneza na kujirekebisha kila siku. Virusi, ambavyo havina seli na haviwezi kuzidishwa nje ya seli ya kiumbe mwingine, naviacha mpakani, ambako wanasayansi wengi nao wameviacha.

Hata lugha yetu imesitasita hapa. Tunasema mtu anaanguka na mdudu anaanguka, lakini mti unaanguka, kama vile ukuta unavyoanguka. Ngeli ya A-WA, ambayo walimu wa sarufi huiita ya viumbe hai, imeiacha mimea nje. Nadhani wahenga walitazama kujongea. Hata hivyo lugha hiyo hiyo ililiunda neno mmea kutokana na kumea, na ule mmea unaokunja majani ukiguswa ikauita kifauwongo, yaani kinachokufa kwa uongo, na hakuna awezaye kufa kwa uongo asipokuwa hai.

Mbegu kavu nayo ni aina ya kifauwongo. Maji yake ni machache mno, na kazi za seli zake zimepungua hadi karibu kusimama, lakini maagizo na akiba ya chakula vimehifadhiwa. Mbegu ya mtende yenye umri wa miaka 2,000 hivi, iliyochimbuliwa katika magofu ya Masada, ngome ya kale nchini Israeli, ilipandwa mwaka 2005 ikaota.

Mpwa wangu alitandaza mbegu kumi juu ya pamba yenye unyevu. Leo, siku ya sita, nane zimetoa mzizi mweupe, na kila mzizi, hata wa zile zilizolazwa kichwa chini, umejipinda kuelekea ardhini. Mbili zimebaki kama zilivyokuwa. Ameniuliza tena swali lake la Jumapili kuhusu hizo mbili, nami nimemwomba tuziongezee maji na kungoja hadi wiki ijayo.