Siku moja maishani mwangu: meza ya kutengeneza vipanya

Saa 2 asubuhi. Kipanya kinapimwa kwanza kwenye kompyuta nyingine, maana huenda tatizo ni mipangilio tu. Bofya folda mara moja: ikifunguka kana kwamba umebofya mara mbili, au faili unaloburuta likidondoka njiani, swichi, kile kidude kinachobonyezwa chini ya kitufe cha kipanya, imechoka.

Saa 3. Skrubu hufichwa chini ya vile vibandiko vya miguu. Vipashe kwa draya ya nywele gundi ilegee, la sivyo vinapinda. Kama kipanya hakina waya, toa betri kwanza.

Saa 4. Swichi ninazokuta mara nyingi ni za kampuni ya Omron, aina ya D2FC-F-7N. Ndani mna kibamba cha shaba, chembamba kama ganda la kitunguu, kilichokunjwa kiwe springi. Kikigusa chuma cha pili hudundadunda kidogo, na kipanya husubiri milisekunde chache kitulie. Springi ikilegea au kutu ikitanda, mdundo unazidi ule muda wa kusubiri, na mbofyo mmoja unahesabiwa miwili.

Spiriti hutuliza kwa siku kadhaa. Kufungua swichi na kukunja kibamba upya husaidia zaidi, ila ugonjwa hurudi, na kile kitufe cheupe kisichofika punje ya mchele huruka kikapotea. Mteja anayelipa anastahili swichi mpya.

Saa 6 mchana. Kuitoa swichi ya zamani hapataki haraka. Pasi ya kuchomelea iwe joto nyuzi 350, paka flaksi (dawa ya kusaidia risasi itiririke), ongeza risasi mpya ya kuchomelea juu ya ile ya zamani iyeyuke kwa urahisi, kisha ifyonze kwenye miguu yote mitatu. Usivute kwa nguvu! Njia ya shaba ikibanduka kwenye bodi, itabidi uunganishe kwa waya mwembamba. Kitufe cha swichi hakiko katikati, kwa hiyo angalia ya zamani ilielekea wapi. Weka swichi mpya, choma mguu mmoja kwa risasi, hakikisha swichi imelala sawa kwenye bodi, ndipo umalizie. Ikiinuka hata nusu milimita, kitufe cha juu kitaikandamiza muda wote. Badilisha kushoto na kulia pamoja, vidole visihisi tofauti.

Saa 9. Bofya mara 100 kabla ya kufunga skrubu.

Saa 11 jioni. Swichi za kulia zilizotolewa huwekwa koponi, hazikubofywa sana. Siku swichi mpya zikiadimika sokoni, zinahamishiwa kushoto.