Koili mbili mezani: taa imewaka, sinia limeizima

Nataka kupeleka umeme kutoka koili moja (waya uliozungushwa mviringo) hadi nyingine bila waya wa kuziunganisha. Waya nimeupata Ngamiani kwa fundi wa kusuka mota: shaba yenye vanishi, mabaki ya feni. Nimeuzungusha mara 30 kwenye kipande cha bomba la inchi 4, nikaufunga kwa uzi, nikauchomoa. Koili ya pili vivyo hivyo. Ncha zikwanguliwe kwa wembe, la sivyo lehemu haishiki.

Kwanza nilirudia jaribio la Michael Faraday la mwaka 1831. Yeye alisuka koili mbili kwenye pete ya chuma. Mimi nimetumia transfoma ya redio mbovu, ambayo nayo ni koili mbili kwenye chuma kimoja. Betri upande mmoja, mita ya mshale upande wa pili. Ukiunga betri, mshale unaruka kisha unarudi sifuri, ingawa mkondo bado unapita. Ukikata, unaruka kinyume. (Ncha za upande wenye mizunguko mingi msizishike wakati wa kukata. Betri ndogo inapiga shoti!)

Siri yote iko hapo: koili yenye mkondo ni sumaku. Sumaku iliyotulia haizai kitu kwenye koili ya pili; kinachozaa volti ni kubadilika kwake, na ikibadilika haraka zaidi, volti zinapanda. Umeme wa nyumbani unarudia mzunguko wake mara 50 tu kwa sekunde, polepole mno kwa koili zisizo na chuma ndani. Kwa hiyo kwenye koili ya kwanza nimeunga betri, transista moja (swichi ya umeme inayowasha na kuzima haraka) na kapasita (kifaa kinachotunza chaji kwa muda mfupi) ya nanofaradi 10. Kwa hesabu yangu, mkondo unakwenda na kurudi zaidi ya mara laki moja kila sekunde.

Taa ndogo ya LED niliyounga kwenye koili ya pili imewaka! Mpwa wangu akauliza, "Mjomba, betri yake umeificha wapi?"

Koili zikitazamana, mwanga mkali. Ukiisimamisha moja wima katikati kabisa ya mwenzake, giza: uga wa sumaku (eneo nguvu yake inapofika) unapita ubavuni mwake, haupenyi ndani. Ubao hauzuii, mkeka hauzuii. Sinia la aluminiamu linazima kabisa, maana mkondo unazaliwa ndani ya sinia lenyewe na kuupinga uga uliouzaa.

Kapasita kama ile ile kwenye koili ya pili imesogeza umbali ambao taa inawaka kutoka vidole vinne hadi karibu shibiri. Sijaona nyongeza ya bei rahisi kuliko hiyo.

Sasa nataka kuchaji simu. Kinachotoka ni mkondo geu, yaani unaokwenda na kurudi, hivyo natafuta dayodi nne zenye kasi (zinapitisha mkondo upande mmoja tu) na kidhibiti cha volti 5.