Siku moja maishani mwangu: zamu ya CT na shingo zilizopata ajali

Saa 1 asubuhi. Nakabidhiwa zamu, nawasha mashine ya CT, ile inayopiga eksirei za mwili kipande kwa kipande, ijipime, najaza pampu ya kontrasti, dawa inayofanya mishipa ya damu ionekane pichani. Hapa hakuna la kusimulia.

Saa 3. Analetwa kijana aliyeanguka na pikipiki, kola shingoni. "Dada, mimi mzima, shingo tu inauma." Skani ya mifupa inasema vingine: pingili ya pili ya shingo ina ufa, na ufa umepita kwenye kitundu kinachopitisha ateri ya vetebra, mshipa wa damu unaopanda ubongoni ndani ya pingili. Hilo peke yake linatosha kudai picha ya mishipa ya damu. Ateri ikichanika kwa ndani, damu huganda pale penye mchaniko, kipande kikachomoka kwenda ubongoni. Kiharusi huweza kuchelewa saa kadhaa au hata siku, mtu anaongea vizuri kabisa.

Kanula, kijimrija cha kupitishia dawa, naiweka mkono wa kulia. Ukipitishia kushoto, kontrasti ikiwa bado nzito hukatiza mbele ya mishipa inayotoka kwenye aota, ateri kuu ya mwili, na michirizi yake huharibu picha. Inasukumwa mililita 4 hadi 5 kwa sekunde, kwa hiyo kanula nyembamba ya kiganjani sitaki hata kuiona. "Kaka, utasikia joto mpaka kiunoni, utadhani umejikojolea. Hujajikojolea. Na usimeze mate." Dawa ikifika kwenye aota, mashine inaanza kupiga; kupiga kwenyewe ni sekunde chache.

Saa 4. Daktari wa radiolojia amekunja uso: ateri ya kulia nyembamba. Amezaliwa nayo au imeumia? Anaangalia kitundu cha mfupa upande wa juu, mbali na ufa. Kingekuwa kidogo nacho, tungesema maumbile. Ni kipana. Njia ya damu imebanwa zaidi ya robo: daraja la 2 kati ya 5 ya majeraha ya ateri. Anapiga simu wodini. Aspirini au heparini, dawa za kuzuia damu kuganda, itategemea kama kuna kwingine kunakovuja damu.

Saa 8. Jeraha la kisu. Tunafuata njia ya kisu kwa mapovu ya hewa. Karotidi, ateri kubwa ya mbele ya shingo, imepona chupuchupu. Anayevuja damu kwa kasi hafiki kwangu, huenda moja kwa moja chumba cha upasuaji.

Saa 10. Mama aliyepigwa picha wiki iliyopita amerudi. Picha hurudiwa baada ya siku 7 hadi 10. Karotidi yake ilikuwa daraja la 1, mkwaruzo tu. Leo ukuta umetoa kijifuko, daraja la 3. Namwomba aketi kidogo, nampigia daktari wake.