Hesabu Ilitimia

Somo: Mithali 27:23–27

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Mbukwenyi.

Juma lililopita akina mama tulipokutana pale kwenye kivuli cha mkwaju, kiongozi wetu alisema leo hatufundishani, kila mmoja ataje vitu vitatu anavyovipenda nyumbani kwake. Wa kwanza akataja maombi, Neno, na ibada ya familia. Tukacheka, maana sote tunamjua kuwa anapenda pia soga na chai ya tangawizi. Zamu yangu ilipofika nilisema kitu cha haraka haraka nikakaa. Lakini njiani nikirudi, na siku zote zilizofuata, nimekuwa nikilijibu lile swali kimoyomoyo.

Napenda harufu ya kibuyu cha maziwa. Nikishamimina mtindi wote nakisuuza kwa maji ya moto, nakiinamisha juani kikauke, halafu nachukua kaa jekundu jikoni na kulidondosha ndani. Naziba mdomo kwa kiganja kilichofungwa kitambaa, natikisa mpaka lile kaa life na kuwa unga, namwaga. Ukikifungua hapo kuna harufu ambayo sijui niifananishe na nini, moshi na utamu pamoja. Maziwa yakilala humo siku mbili yanaganda mazito, na ukiyaonja unajua yametoka nyumba gani. Mwanangu wa kwanza anayeishi Dodoma mjini ananiambia mtindi wa pakiti nao ni mzuri tu. Namwombea.

Napenda mlenda uliotiwa karanga, kwa ugali wa uwele. Nasema mlenda wa kukausha, ule tuliouchuma masika, tukauanika juu ya mkeka, tukautwanga na kuuhifadhi, ndio unaotuvusha kiangazi wakati hakuna jani la kijani hata moja. Wageni wanalalamika kwamba unateleza. Ndiyo kazi yake.

Na kuliko vyote napenda saa ile jua linapokaribia kuzama na ng'ombe wanarudi. Kwanza unaona vumbi upande wa seng'enge ya ranchi ya Kongwa, halafu unasikia kengele, halafu ndiyo unaona pembe. Sisi si watu wa ranchi, tuelewane. Majirani zetu wa upande wa pili wa ule waya wana makundi ya serikali, sisi tulikuwa na ng'ombe 23 na mbuzi wa kutosha kusumbua jirani. Lakini jioni nikisimama getini mwa zizi, mkono juu ya mti, wakipita mmoja mmoja, najiona tajiri.

Ni pale getini ninapotaka kuwapeleka leo.

Sisi tunahesabu kwa jozi. Wawili, wanne, sita. Wetu walikuwa jozi 11 na mmoja, na yule mmoja wa mwisho alikuwa mara nyingi ni Kidoti, mtamba wetu mwenye doa jeupe katikati ya paji la uso. Mama yake anaitwa Wifi kwa sababu anaingiza pua kila mahali. Kidoti alikuwa mpole, anakuja nyuma ya wenzake bila haraka, na mimi nilizoea kumalizia hesabu kwa lile doa. Nikiliona doa, nafunga geti.

Jumamosi moja mwaka huu tulichelewa kurudi kutoka mnadani. Baba watoto aliuza beberu kwa bei ambayo hakuipenda, akawa hasemi. Nilifika nyumbani na mambo mengi kichwani: sukari imeisha, michango ya harusi ya upande wa shemeji, ndoo za maji. Nikasimama getini nikahesabu. Binti yangu wa kati, yule wa darasa la sita, alikuwa amekaa juu ya mti wa zizi. Akasema, "Mama, Kidoti kalegeza masikio." Nikamwambia, "Ngoja nimalize kuhesabu." Nikamaliza. Jozi 11, na doa. Hesabu ilitimia. Nikafunga geti nikaenda kupika.

Jumatatu Kidoti hakuinuka. Alikuwa anakohoa kikohozi kidogo kikavu, macho yanatoka machozi. Bwana mifugo alipofika hakuuliza mengi. Alipitisha mkono chini ya sikio, akanishika na mimi mkono akauweka pale pale. Kulikuwa na tezi imevimba, kubwa kama limau, ngumu. Joto lilikuwa nyuzi 41. Kisha akaligeuza sikio kwa ndani, na humo kupe wa kahawia walikuwa wamejipanga kama mbegu za ulezi. Ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe. Mara mbili mfululizo tulikuwa hatujampeleka josho kuogeshwa dawa ya kupe, kwa sababu ya hiyo hiyo harusi. Alipiga sindano, lakini alituambia ukweli: dawa hii inasaidia ukiiwahi, na sisi hatukuiwahi. Ugonjwa ukishashika mapafu yanajaa maji. Alhamisi alfajiri nilimkuta na povu jeupe puani, Wifi amesimama pembeni yake ananusa.

Najua wengi mmeshakimbilia Luka 15, yule mchungaji wa kondoo 100 aliyewaacha 99. Mimi leo siendi huko. Kondoo yule alikosekana kwenye hesabu, ndiyo maana akatafutwa. Wangu hakukosekana. Alikuwepo, alipita mbele yangu umbali wa mkono, nikamtaja kwa namba.

Ndiyo maana somo la Mithali limenikalia rohoni. Linatuagiza tufanye bidii kujua hali ya makundi yetu. Mchungaji wetu alishatufundisha kwamba pale Biblia zetu zinaposema "hali", Kiebrania kinasema "uso". Ujue uso wa kondoo wako. Idadi haikutajwa. Nimeusoma ule mstari miaka mingi nikidhani unahusu kuwa na bidii kazini, na kumbe ulikuwa unaniambia niiname.

Watu wa Kongwa tunapaswa kuielewa hii kuliko wengine, maana tunaishi juu ya kaburi la hesabu kubwa. Wazee wetu wanasimulia zilivyokuja mashine. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza hapa mradi wa karanga, na mpango wote, pamoja na Urambo na Nachingwea, ulikuwa wa ekari zaidi ya milioni 3. Kwenye karatasi kila kitu kilitimia: ekari kadhaa, tani kadhaa, mafuta ya kupikia kwa watu wao waliotoka vitani. Walileta matrekta, mengine yametengenezwa kutokana na vifaru. Ila udongo wa hapa hawakuujua uso wake. Mvua ikikatika, na hapa hukatika inapotaka, udongo wetu unakauka kuwa kama saruji, na karanga imo ndani. Majembe yakavunjika. Mibuyu ikawashinda. Mwaka 1951 mradi ukafutwa, na sehemu ya ile ardhi iliyofyekwa ndiyo ikaja kuwa malisho ya ranchi. Wakati huo huo bibi zetu walikuwa na vipande vyao vidogo vya karanga, wanalima kwa jembe la mkono, wanajua kona ipi ina mchanga na ipi inashika maji. Karanga ninazotia kwenye mlenda zinatoka kwenye kipande kama hicho. Sisemi haya kuwacheka wale watu. Ningewezaje, na mimi nilishindwa kuona masikio ya mtamba mmoja?

Kuna jambo jingine la uso, na hili linatoka kwa mama mkwe. Alikuwa na vikope. Wanaotoka huku wanajua ninachosema: kope zinageukia ndani, zinakwaruza jicho kila ukipepesa. Nilipoolewa nilimkuta na kibanio chake kidogo cha kung'olea kope kimefungwa kwenye pindo la khanga, na kila asubuhi alikaa mlangoni kwenye mwanga, ananyofoa moja moja. Ugonjwa huo ulitutesa sana wilaya hii, wataalamu wamekuja miaka na miaka, na wakati wa utoto wa watoto wangu wakubwa somo lilikuwa moja, mpaka tukalichoka: mwoshe mtoto uso. Tulikuwa tunajibu kwamba maji yako mbali. Mama mkwe ndiye aliyetunyamazisha. Alichukua kopo moja la maji, akawapanga wajukuu, akawaosha wote nyuso kwa kumimina kidogo kidogo kiganjani, na kopo likabaki na maji ya kumpa kuku. "Mnamnyima nini huyu mtoto," akasema, "maji, au kumtazama?"

Tangu hapo kuosha uso wa kitinda mimba wangu asubuhi kumekuwa kwenye orodha yangu ya vitu ninavyovipenda, ingawa sikukitaja pale kwenye mkwaju, maana kilionekana kidogo mno. Anafumba macho kwa nguvu na kukunja pua. Namfuta tongo, namfuta kamasi, na kabla sijamwachia najua kama amelala vizuri, kama ana homa, kama jana aligombana na mtu.

Sasa nirudi kwa yule wa kati. Jumamosi baada ya Kidoti kufa nilimsuka. Alikaa chini, kichwa mapajani pangu, nachana, nagawa mistari. Alinyamaza muda mrefu, halafu akasema bila kugeuka, "Nilikuambia."

Nikasema, "Uliniambia."

"Ukasema ngoja umalize kuhesabu."

Sikuwa na jibu. Nilimwomba msamaha, na wapendwa, si jambo rahisi kwa mama wa huku kumwomba msamaha mtoto wa miaka 12 huku umeshika chanuo. Akasema sawa. Kisha, kama mtu aliyefunguliwa geti, akaanza kusema mengine: kwamba tangu muhula uanze anakaa peke yake mapumziko, kwamba rafiki yake amehamia Kibaigwa, kwamba usiku alikuwa analia na mimi nilidhani ni mafua. Miezi miwili. Kila jioni nilikuwa nahesabu sahani 6 mezani, na kila jioni zilitimia.

Nikaendelea kusuka, na ndipo yakanijia yale maneno ya Bwana kwenye Mathayo 10, kwamba nywele zetu zote zimehesabiwa. Nilikuwa nikilisikia hilo kama sifa ya ukubwa wa Mungu, kwamba anajua namba zote. Siku ile vidole vyangu vikiwa kwenye kichwa cha mwanangu nikaona kitu kingine. Nywele za mtu huwezi kuzihesabu ukiwa umesimama getini. Lazima kichwa chake kiwe mapajani pako, na uwe na muda, na yeye awe amekubali kutulia. Kama Mungu anahesabu hivyo, basi kuhesabu kwake na kutazama kwake ni kitendo kimoja. Mimi ndiye niliyevitenganisha.

Mwisho wa lile somo la Mithali unanipendeza, unanifaa mimi mfugaji mdogo. Baada ya kusema mali haidumu milele, na majani ya milimani yatakusanywa, linaishia kwenye maziwa ya mbuzi: yatakuwepo ya kutosha, wewe na watu wa nyumbani mwako na wasichana wanaokutumikia. Hakuna ghala, hakuna mnada. Ni maziwa, tena ya mbuzi, na neno "kutosha". Nikilisoma naisikia harufu ya kibuyu.

Tumuombe Mungu juma hili atupe macho. Mimi nina ombi dogo zaidi kwa ajili ya mikono yangu, ambayo ina haraka ya kufunga geti.

Tumebaki na ng'ombe 22. Jozi 11 kamili, hakuna anayebaki mwishoni. Hesabu imenyooka sana siku hizi, na kila jioni kunyooka kwake kunaniuma. Kwa hiyo tumebadilisha utaratibu. Binti yangu ndiye anayesimama getini, anawaita kwa majina, na mimi nakaa ndani ya zizi, wanapita karibu nami, natia mkono nyuma ya masikio. Inachukua muda mrefu, ugali unachelewa, baba watoto ameanza kuguna.

Jana giza lilikuwa limeshaingia aliposema, "Mama, Wifi kama anachechemea."

"Mguu gani?"

"Njoo na tochi."

Nikaenda na tochi.